UZI: Saratani ya matiti ikiwa bado changa, aina zake na jinsi kila aina inavyotambuliwa

#1 Fundi_Darubini

Habari wakuu. Swali linalorudi kila mara ni hili: "Ameambiwa ana saratani ya titi hatua ya kwanza, hiyo ni aina gani?" Hatua si aina, na daraja si hatua. Hatua inasema ugonjwa umefika wapi. Aina inasema seli zenyewe ni za namna gani na zimejipangaje. Daraja linasema seli zimebadilika kiasi gani kutoka zilivyokuwa. Mambo haya matatu yakichanganywa, mgonjwa anaweza kukataa tiba iliyomfaa au kukubali kukatwa titi bila sababu. Nafungua uzi tuyatenganishe. Wenzangu wa picha, kliniki na upasuaji, karibuni panapowahusu.

Titi lina vitezi vidogo vinavyotengeneza maziwa na mirija inayoyapeleka kwenye chuchu. Saratani nyingi huanzia kwenye seli zilizotanda ndani ya vitezi na mirija hiyo. Kila mrija umezungukwa na utando mwembamba. Kinyama, yaani kipande cha titi kilichotolewa kwa uchunguzi, kikifika kwenye darubini, jambo la kwanza tunalotafuta ni kama seli mbaya zimeuvuka utando huo au bado zimo ndani.

Zikiwa bado ndani ya mrija, ripoti huandika DCIS. Hii ni hatua ya sifuri. Ndani ya mrija hakuna mshipa wa damu wala wa limfu, hivyo seli hazina njia ya kufika kwapani wala kwenye mapafu. Mara nyingi hakuna uvimbe wa kushika kwa mkono. Kwenye DCIS ya daraja la juu, seli za katikati ya mrija hufa kwa kukosa damu, na chokaa hujikusanya palipokufa. Chokaa hiyo ndiyo inayoonekana kwenye mamografia, picha ya eksirei ya titi. Si kila DCIS itavuka utando, ila hatuna kipimo cha kutuonyesha kwa uhakika ipi itavuka na ipi itatulia, ndiyo maana hutibiwa.

LCIS, yaani seli zilizobadilika zikiwa bado ndani ya vitezi, jina lake linafanana na hilo, na hapa ndipo watu wengi huogopeshwa bure. LCIS ya kawaida haihesabiwi tena kuwa saratani. Toleo la 8 la mwongozo wa hatua wa AJCC, kamati ya saratani ya Marekani, lililoanza kutumika 2018, liliiondoa kabisa kwenye orodha ya hatua. Ni alama kwamba mwanamke huyu yuko kwenye hatari kubwa kuliko wenzake, na hatari hiyo iko kwa matiti yote mawili, si kwa lile lililotolewa kinyama peke yake. Anahitaji kufuatiliwa kwa karibu, na wengine hupewa dawa ya kupunguza hatari. Ikiandikwa LCIS ya pleomofiki (seli zenye maumbo yasiyofanana), hiyo ni kali zaidi na kwa kawaida huondolewa kwa upasuaji.

Seli zikishavuka utando, sasa ni saratani vamizi. Kubwa kuliko zote ni ile iliyokuwa ikiitwa saratani vamizi ya mirija, siku hizi huandikwa "isiyo ya aina maalumu". Ni kama asilimia 70 hadi 80 ya saratani vamizi zote za titi. Ya pili ni ya vitezi, asilimia 10 hadi 15. Zinazobaki ni chache: ya vineli, ya ute, ya papila, ya metaplasia na nyingine. Ya vineli na ya ute huenda polepole. Ya metaplasia ni kali.

#2 Kivuli_na_Mwanga

Shukrani mleta mada. Naongezea upande wa picha.

Mamografia iliyokamilika ni picha 4: kila titi mara 2, moja ya kutoka juu kwenda chini na nyingine ya mshazari inayoingiza kwapa na msuli wa kifua. Picha ya mshazari isipoonyesha msuli, tishu ya nyuma ya titi haijaingia, na uvimbe uliokaa huko hautaonekana. Siku ya kipimo usipake diodoranti, poda wala losheni kwapani au kwenye titi. Aluminiamu na talki hutokea kwenye picha kama vichembe vya chokaa, na mtu anaitwa kurudia bure. Kwa anayepata hedhi, wiki moja baada ya hedhi ndiyo afadhali, titi halimuumi sana likibanwa. Na kama una picha za miaka ya nyuma, njoo nazo. Kitu kilichokuwepo miaka 3 bila kubadilika hakisomwi sawa na kitu kipya.

Kuhusu chokaa: vichembe vikubwa, vya mviringo, vilivyotawanyika matiti yote mawili kwa kawaida havina neno. Tunavyovifuatilia ni vile vidogo, chini ya nusu milimita, vyenye maumbo yasiyofanana, vilivyojikusanya sehemu moja. Vikijipanga mstari na kutoa matawi, wasiwasi ni mkubwa zaidi, kwa sababu mstari ule ni umbo la mrija uliojaa.

#3 Mdadisi_Tanga

Madaktari, nina maswali mawili. Majibu ya picha huja na neno BI-RADS na namba. Mtu akiandikiwa BI-RADS 4, si ndiyo saratani hatua ya nne? Na kwa nini wadada wa miaka 30 wanapelekwa altrasaundi badala ya mamografia?

#4 Kivuli_na_Mwanga

Mkuu, hapana. Swali hili limewaumiza watu wengi, ngoja nilijibu vizuri. Namba ya BI-RADS haihusiani kabisa na hatua ya saratani. Ni kiasi cha wasiwasi alio nao msoma picha, na kazi ya kufanya baada ya hapo. 0 ni kwamba picha hazijatosha, rudi tupige zaidi. 1 hakuna kitu. 2 kuna kitu lakini hakina madhara. 3 uwezekano wa saratani hauzidi asilimia 2, hivyo picha hurudiwa baada ya miezi 6. 4 kinyama kitolewe, na ndani yake mna 4A ya asilimia 2 hadi 10, 4B ya 10 hadi 50, 4C ya 50 hadi 95. 5 ni asilimia 95 na zaidi. 6 ni mtu ambaye saratani yake imekwisha kuthibitishwa kwa kinyama. Mwenye 4A, basi, ana nafasi kubwa zaidi ya kukutwa hana saratani. Lakini asikose kutolewa kinyama.

Kuhusu wadada: titi la kijana huwa na tishu nyingi za vitezi na mafuta kidogo. Kwenye mamografia tishu hizo ni nyeupe, na uvimbe nao ni mweupe. Kutafuta kitu cheupe ndani ya weupe ni kazi ngumu. Chini ya miaka 30 huanzwa na altrasaundi, na mamografia huongezwa panapotokea shaka. Kuanzia miaka 40, mwenye uvimbe apate zote mbili, kwa kuwa altrasaundi haivioni vizuri vichembe vya chokaa.

Kwenye altrasaundi, uvimbe wa kawaida wa wasichana, faibroadenoma, huwa kama yai lililolala: upana umezidi urefu, kingo laini. Saratani huwa na kingo zilizochongoka, imesimama kuliko kulala, na mara nyingi hutupa kivuli nyuma yake. Naomba hili lishikwe sana: saratani isiyo na hata kimoja kati ya vipokezi vitatu (protini za seli zinazopokea amri ya kukua: estrojeni, projesteroni na HER2), ambayo Fundi ataieleza, mara nyingi huwa ya mviringo na kingo safi, ikajifanya faibroadenoma au hata kifuko cha maji. Na ndiyo inayowapata zaidi wanawake vijana wenye asili ya Afrika. Uvimbe mpya unaokua usiandikiwe "faibroadenoma" kwa macho tu.

#5 SistaKliniki

Nashukuru kwa hiyo sentensi ya mwisho, daktari. Mimi nazungumzia mikono na macho, maana vituo vingi havina hata altrasaundi.

Kupima titi kwa mkono kuna utaratibu wake. Mama alale chali, mkono wa upande unaopimwa uwe nyuma ya kichwa. Tumia nyama za vidole vitatu vya katikati, siyo ncha. Kila unapoweka vidole, bonyeza mara tatu: kidogo kwa ngozi, wastani kwa katikati, kwa nguvu hadi uhisi mbavu. Pita kwa mistari ya juu na chini kama mtu anayepalilia matuta, kutoka mtulinga, mfupa wa mbele chini ya shingo, hadi chini ya titi, kutoka ubavuni hadi mfupa wa katikati ya kifua. Dakika 3 kwa kila titi si nyingi. Robo ya juu upande wa kwapa ndiyo yenye tishu nyingi na ndipo saratani nyingi hutokea, ikague kwa utulivu. Malizia kwapa, na shimo la juu ya mtulinga.

Kwenye chuchu kuna aina inayopotezwa mara kwa mara, ugonjwa wa Paget, uliopewa jina la James Paget aliyeueleza 1874. Chuchu inachubuka, inatoa magamba, inawasha, na mgonjwa anapewa mafuta ya ukurutu miezi na miezi. Ukurutu kwa kawaida huanzia kwenye duara jeusi la kuzunguka chuchu na mara nyingi hushika pande zote mbili. Paget huanzia kwenye chuchu yenyewe, upande mmoja, ndipo isambae kwenye duara. Usidanganywe na nafuu: mafuta ya steroidi hupunguza wekundu kwa muda huku ugonjwa ukiendelea chini. Kidonda cha chuchu cha upande mmoja kisichopona kwa wiki 2 hadi 3 za dawa kikatwe kipande cha ngozi kipelekwe maabara. Mamografia ifanywe pia, kwa sababu wengi wenye Paget wana DCIS au saratani vamizi ndani ya titi hilohilo.

Maji ya chuchu: yakitoka yenyewe bila kubinywa, titi moja, tundu moja, yakiwa ya damu au yasiyo na rangi kama maji ya kisima, yachunguzwe. Ya kijani au ya maziwa, pande zote, matundu mengi, na hutoka mtu akibinya, mara nyingi si saratani.

#6 Tabibu_Eldoret

Dada, naomba niongezee ile ya uvimbe wa moto, saratani ya titi ya inflamesheni. Si ya mapema, kwani ikitambuliwa tu inahesabiwa angalau hatua ya tatu, lakini iko hapa kwa sababu huja ikijifanya jipu la kunyonyesha. Titi huvimba ndani ya wiki chache, linakuwa zito na la moto, ngozi inakuwa kama ganda la chungwa. Vitabu vinaandika "wekundu wa theluthi moja ya titi au zaidi". Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani hivyo: tafuta ngozi iliyozidi kuwa nyeusi au ya zambarau, vitundu vya ngozi vilivyopanuka, na ulinganishe joto la matiti mawili kwa mgongo wa mkono. Mara nyingi hakuna uvimbe wa kushika. Dawa za bakteria zikitumika siku 7 hadi 10 bila nafuu, usibadilishe dawa mara ya tatu. Piga picha, toa kinyama cha titi na kipande cha ngozi.

Na kwa wanaouliza kama kujipima nyumbani kunatosha: utafiti wa Shanghai uliochapishwa 2002, wa wanawake zaidi ya 260,000, haukuona vifo vikipungua kwa waliofundishwa kujipima, ila vinyama visivyo vya saratani viliongezeka. Ule wa Mumbai uliochapishwa 2021, wanawake zaidi ya 150,000 wa miaka 35 hadi 64 waliopimwa kwa mkono na wahudumu waliofunzwa kila baada ya miaka 2, ulikuta saratani zikigunduliwa katika hatua za chini, na kwa wenye miaka 50 na kuendelea vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa nchi zetu, ninavyoona mimi, ule wa Mumbai una mafundisho zaidi: mhudumu aliyefunzwa vizuri ni kifaa cha maana sana. Kulijua titi lako bado ni muhimu, lakini mabadiliko ukiyaona yapeleke kwa mtu wa namna hiyo.

#7 Mpasuaji_Kanda

Kinyama sasa. Kuna sindano nyembamba ya kufyonza na sindano nene ya kukata. Ile nyembamba hutoa seli zilizotawanyika. Inaweza kusema "hizi ni za saratani", lakini haiwezi kusema kama zimevuka utando, kwa sababu utando wenyewe haukuja nazo. Kwa uvimbe wa titi tumia sindano nene, geji 14 (geji ni kipimo cha unene, namba ikipungua sindano ni nene zaidi), chini ya dawa ya ganzi, ukiongozwa na altrasaundi ikiwezekana, utoe vipande 3 hadi 6. Kipande kizuri huzama kwenye fomalini. Kinachoelea mara nyingi ni mafuta, rudia.

Chokaa isiyoonekana kwenye altrasaundi hutolewa kwa kuongozwa na mamografia, na sindano ya kuvuta kwa hewa, geji 8 hadi 11. Vipande vipigwe picha kabla mgonjwa hajashuka mezani kuhakikisha chokaa imo. Kama haimo, jibu la "hakuna saratani" halina maana. Iachwe klipu ndogo mahali palipotolewa, la sivyo siku ya upasuaji hakuna atakayejua pa kukata.

Ninachopinga kwa nguvu ni kuufungua na kuutoa uvimbe wote kabla ya jibu. Ukiwa ni saratani, kingo hazikupangwa, na operesheni ya pili inakuwa karibu ya lazima.

Kisha yawekwe mambo matatu mezani: mkono ulihisi nini, picha iliona nini, kinyama kimesema nini. Yote yakubaliane. Picha ikiwa BI-RADS 5 na kinyama kikasema "tishu ya kawaida", hicho kinyama kilikosa shabaha. Kirudiwe.

#8 Mdadisi_Tanga

Daktari, hiyo fomalini ina masharti gani? Vituo vingine huweka kinyama kwenye maji ya chumvi au spiriti.

#9 Fundi_Darubini

Hapo ndipo majibu mengi huharibikia, mkuu. Inatakiwa fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa asidi yake, mara 10 ya ujazo wa kinyama, ndani ya saa 1 tangu kitolewe. Kikae humo saa 6 hadi 72. Maji ya chumvi hayahifadhi, seli zinaoza. Spiriti hukausha na kuharibu kipimo cha vipokezi. Titi zima likitumbukizwa bila kupasuliwa, fomalini huingia taratibu, kama milimita 1 kwa saa, na katikati panaoza wakati pembeni pamekaa vizuri. Lipasuliwe vipande vya sentimita 1 au chini ya hapo. Andika kwenye fomu saa kilipotolewa na saa kilipotiwa fomalini.

Madhara yake ni haya: kinyama kilichooza huonyesha "hakuna kipokezi cha estrojeni" wakati kipo. Mgonjwa ananyimwa tamoksifeni, kidonge cha miligramu 20 kwa siku kwa miaka 5 ambacho kingemlinda. Ukiona ripoti ya saratani ya vineli au ya ute, daraja la 1, halafu vipokezi vya estrojeni hasi, kipimo hicho kirudiwe, kwa sababu aina hizo karibu zote huwa chanya.

Daraja hutokana na alama tatu, kila moja 1 hadi 3: seli bado zinatengeneza vijirija kiasi gani, viini vimebadilika kiasi gani, na seli ngapi ziko kwenye kugawanyika. Jumla 3 hadi 5 ni daraja la 1, 6 na 7 la 2, 8 na 9 la 3. Daraja la 3 si hatua ya 3! Uvimbe wa milimita 8 ambao haujafika kwapani unaweza kuwa daraja la 3 na bado ukawa hatua ya kwanza.

Kisha vipokezi. Estrojeni na projesteroni: seli zenye rangi zikifika asilimia 1 ni chanya, ila estrojeni ya 1 hadi 10 huandikwa "chanya kidogo". HER2 husomwa 0, 1+, 2+ au 3+. 3+ ni chanya: rangi nzito imezunguka seli nzima, kwa zaidi ya asilimia 10 ya seli. 2+ si jibu, ni swali. Kinyama hichohicho kipelekwe kipimo cha jeni, FISH au mfano wake. Mtu asianzishiwe wala kunyimwa trastuzumabu, dawa inayolenga HER2, kwa 2+ pekee. Vyote vitatu vikiwa hasi, ndiyo ile aliyoitaja Kivuli.

#10 Tabibu_Eldoret

Fundi, umeitaja saratani ya vitezi kwa haraka. Naomba urudi hapo, kwa sababu sisi wa kliniki hutuponyoka.

#11 Fundi_Darubini

Kweli. Seli zake zimepoteza E-kadherini, gundi inayozishikanisha. Bila gundi hiyo hazikusanyiki donge. Hutembea moja nyuma ya nyingine kama siafu, katikati ya tishu nzima. Kwa hiyo mkono hauhisi donge, unahisi sehemu imekuwa nene tu, au titi linasinyaa taratibu. Mamografia nayo inaweza kupita. Tukiwa na shaka, tunapaka rangi ya E-kadherini: ya mirija hushika, ya vitezi kwa kawaida haishiki.

#12 Kivuli_na_Mwanga

Kwa aina hiyo MRI inasaidia kabla ya upasuaji, kwa kuwa ukubwa wa kwenye mamografia mara nyingi ni mdogo kuliko ukweli. Na kwa aina zote, altrasaundi ya kwapa isisahaulike. Tezi ya limfu ambayo ganda lake limezidi milimita 3, au limepoteza mafuta ya katikati, ichomwe sindano.

#13 Mpasuaji_Kanda

Hatua kwa kifupi, kwa ukubwa: T1 ni hadi milimita 20, T2 ni zaidi ya 20 hadi 50, T3 zaidi ya 50. Tunaposema saratani ya mapema ni kwa kawaida hatua ya I na ya II, yaani imo kwenye titi, au na tezi chache za kwapa zinazosogea.

Kingo: nyama iliyotolewa hupakwa wino kwa nje. Saratani vamizi inatosha wino usiguse uvimbe. DCIS peke yake tunataka milimita 2, kwa kuwa huruka ndani ya mrija na kuacha mapengo. Kwapa likionekana safi, hatutoi tezi zote. Tunachoma rangi ya bluu au dawa ya mionzi hafifu, tunatoa tezi za kwanza zinazoipokea. Kutoa zote bila sababu kunaweza kumwachia mama mkono uliovimba maisha yake yote.

#14 Mdadisi_Tanga

La mwisho, wakuu. Ripoti ikija imeandikwa "saratani vamizi" basi, bila daraja wala vipokezi, mgonjwa akatwe kinyama upya?

#15 Fundi_Darubini

Hapana, mkuu. Kinyama chake kimehifadhiwa kwenye bloku ya nta katika maabara iliyotoa jibu, na bloku hukaa miaka. Mgonjwa au daktari wake aandike barua ya kuomba bloku na vioo vya darubini, akitaja namba ya maabara iliyo juu ya ripoti, si jina pekee. Bloku ipelekwe kwenye maabara yenye kipimo cha vipokezi. Ikae kwenye kibahasha kigumu mbali na jua na injini ya basi, kwa sababu nta huyeyuka. Iombwe ripoti yenye mambo haya yote: aina, daraja na alama zake tatu, ukubwa kwa milimita, kingo, seli kuwemo au kutokuwemo kwenye mishipa, tezi ngapi zimekaguliwa na ngapi zimeathirika, estrojeni na projesteroni kwa asilimia, HER2. Ifanyike kabla dawa za saratani hazijaanza, maana kinyama kitakachotolewa baada ya dawa kinaweza kisibaki na seli za kupima.